Vioo Tulivyobandika Kimumu

Nilipochaguliwa mwenyekiti wa tawi letu la wainjinia hapa Eldoret, mama yangu alikuja kutoka kijijini kwetu Ziwa na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, akakiweka juu ya meza yangu ya ofisi kana kwamba ni kombe nimeshinda. Hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kukalia kiti hicho. Makamu wangu naye alikuwa mwanamke, injinia wa umeme kutoka upande wa magharibi, mrefu, mwenye sauti nzito isiyohitaji kipaza sauti. Wanaume walitupigia makofi. Mmoja akatania kwamba sasa chai ya mikutano itakuwa na maziwa ya kutosha, nasi tukacheka pamoja nao.

Mvua za masika zilikuwa zimeshaanza nilipokwenda mtaa wa Kimumu kuchukua sketi kwa mwanamke aliyekuwa akinishonea nguo. Duka lake lilikuwa chini ya jengo la ghorofa lililopita nyumba zote za jirani kwa urefu, limepakwa rangi ya krimu, limejaa wapangaji: walimu, makarani, wanafunzi wa chuo. Nilipomaliza kujaribu sketi, fundi hakuniaga. Alisimama akinitazama.

"Madam, si wewe ni mtu wa majengo? Hebu nifungie huo mlango."

Niliusukuma. Ukafika katikati, ukakwama.

"Umevimba kwa sababu ya mvua," nikasema.

"Ni wa chuma, madam."

Akasogeza cherehani yake. Nyuma yake ukutani kulikuwa na ufa uliotoka kwenye pembe ya dirisha ukateremka mshazari hadi sakafuni. Nilitia ncha ya kidole ndani, ikaingia bila shida. Nilizunguka nyuma ya jengo, na huko nikakuta pampu ikivuta maji machafu kutoka chumba cha chini ya ardhi na kuyamwaga mtaroni. Nguzo moja ilikuwa na plasta mbichi. Msimamizi wa ploti, mwanaume mwembamba aliyevaa gambuti, alikuwa ameinama na mwiko mkononi akiipakia nguzo ya pili.

"Unaziba nini hapo?" nikamuuliza.

"Nimeambiwa nipake kabla wapangaji hawajaanza maneno."

"Na hii pampu inafanya kazi tangu lini?"

Akatazama pampu kama mtu anayeulizwa habari za mgonjwa wa nyumbani kwake. "Hiyo hatuzimi, madam. Tukizima, maji yanapanda."

Kesho yake nilirudi na makamu wangu tukiwa na vipande vyembamba vya kioo na gundi. Ni njia ya zamani: unabandika kioo juu ya ufa, kikibaki kizima ukuta umetulia, kikivunjika ukuta unatembea. Nilifundishwa njia hiyo nikiwa mwanagenzi, na mzee mmoja aliyekuja kuwa mwenyekiti wa tawi letu kabla yangu. Tulibandika kwenye nguzo za nyuma, kwenye ngazi, na kimoja nyuma ya cherehani.

Tuliporudi baada ya siku chache, vioo vyote vya nje vilikuwa vimetoweka. Mahali pake palikuwa laini, pamepakwa plasta na rangi, na usingejua kwamba pamewahi kuwa na ufa. Kilichobaki ni kile cha dukani. Kilikuwa kimepasuka katikati.

"Kilivunjika nikimpima mteja kiuno," fundi akasema. "Kilifanya tik. Mteja akaniuliza kama nimekanyaga sindano."

Tulikaa garini bila kuwasha injini. Makamu wangu ndiye aliyesema jambo ambalo mimi nilikuwa ninaliogopa. "Lazima tujue ni nani alichora hili jengo."

Nilijua. Michoro, niliyokuwa nimeshaitazama, ilikuwa na mhuri wa yule mzee aliyenifundisha kazi.

Nilimkuta nyumbani kwake, akikata ua wa misonobari. Alinikaribisha chai, akaniuliza habari za watoto. Nilipotaja Kimumu aliweka kikombe chini.

"Mimi nilichora ghorofa tatu," akasema. "Wewe una macho. Hesabu zilizoko."

"Na ulipoona zinaongezeka, Mzee?"

Alikoroga chai ambayo hakuwa ametia sukari. "Msichana wangu, mtu hupewa kiti akikalie. Hapewi apande juu yake achungulie dari. Mwenye lile jengo si mtu wa kuchokozwa. Andika ripoti yako, uipeleke inakotakiwa, kisha uende nyumbani ulale."

Ripoti tuliipeleka. Ofisi iliyohusika ilituahidi mkaguzi, na kila tulipopiga simu mkaguzi alikuwa njiani. Niliitisha mkutano wa tawi ili tuwaonye wapangaji kwa jina la chama. Wanaume wale wale waliotupigia makofi waliinamisha vichwa kwenye simu zao. Mmoja alisema tutashtakiwa. Mwingine akasema mwenzetu mzee ataaibika. Nilipoomba wanaokubali wanyooshe mikono, mkono wa makamu wangu ulikuwa karibu peke yake hewani.

Baada ya mkutano huo gari aina ya pikapu, jeupe, lilianza kuegeshwa mkabala na ofisi yangu. Dereva hakushuka. Alikula njugu na kutupa maganda dirishani, na jioni maganda yalikuwa rundo dogo barabarani. Kisha mama akanipigia simu kutoka Ziwa.

"Kuna mtu alikuja kununua ng'ombe," akasema. "Alimwangalia ng'ombe kidogo tu. Akaniuliza watoto wako wanasoma shule gani."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia sijui. Lakini alicheka, akanitajia shule yenyewe."

Niliwachukua watoto shuleni mchana huo huo nikawapeleka kwa dada yangu anayeishi Sugoi. Makamu wangu aliposikia alisema, "Wewe kaa na watoto. Kimumu nitaingia mimi." Nikamjibu kwamba kama ni kuingia tutaingia wote. Sikuwa jasiri.

Jumamosi tulipanda ngazi zile tukibisha mlango baada ya mlango. Hatukusema kwa jina la chama, tulisema kwa majina yetu. Mwalimu mmoja alianza kufunga virago kabla hatujamaliza sentensi. Alisema kitanda chake kilikuwa kimeanza kuteleza kuelekea ukutani. Wengine walitukasirikia. "Mtatupeleka wapi?" mwanafunzi mmoja akauliza. "Na hii mvua?" Makamu wangu alikuwa ameshaongea na akina mama wa kanisa lake. Wakatoa ukumbi. Ndugu yangu akaleta lori lake la kubeba mahindi, na magodoro yakaanza kuteremka.

Msimamizi wa ploti alitusaidia kubeba. Hakuna aliyemwomba. Alibeba mitungi ya gesi begani, akarudi, akabeba mtoto wa watu aliyekuwa amelala. Nilipopata nafasi nilimshika mkono.

"Ukimaliza hapa usirudi ndani. Hata ukipigiwa simu."

"Sawa, madam. Jumatatu naenda nyumbani."

Jumapili makamu wangu aliwaita watu anaowajua wakaja kukata umeme wa jengo lile. Nyaya zilikuwa zimeanza kuvutika ukutani, na aliogopa moto. Nilikubaliana naye. Hata leo ningekubaliana naye. Lakini umeme ulipokatika, pampu nayo ilinyamaza.

Jumatatu asubuhi tulikuwa barabarani pamoja na fundi, ambaye alikuwa ameshahamishia cherehani yake kwenye veranda ya jirani. Mvua ilikuwa ikinyesha. Nilimwona msimamizi akitokea nyuma ya jengo na jenereta ndogo kwenye toroli, simu sikioni. Nilimwita. Akainua mkono, kama mtu anayesema ngoja kidogo, akateremka ngazi za kile chumba cha chini ya ardhi. Nikaanza kukimbia. Makamu wangu akanishika kwa nyuma, akanivuta koti mpaka vifungo vikakatika.

Kwanza vioo vya madirisha ya juu vilianza kupasuka, kimoja, kingine, halafu vingi kwa pamoja kama bisi kwenye sufuria. Kisha jengo likaketi. Sina neno lingine. Liliketi kama mtu aliyechoka, na vumbi likatoka chini yake likatufunika, na mvua ikaligeuza vumbi hilo kuwa uji wa saruji kwenye nyuso zetu. Fundi alikuwa akiita majina ya wapangaji kwa sauti, mmoja mmoja, na kwa kila jina mtu alijibu kutoka barabarani. Jina la msimamizi lilipofika, hakuna aliyejibu.

Tulikwenda kumzika kwao magharibi. Mjane alitupokea, akatupa viti, kisha akaketi karibu nami.

"Ni wewe ulimwambia atoke?"

"Ni mimi, mama."

"Basi alikusikia. Alinipigia simu Jumapili, akaniambia nimchemshie maji ya kuoga, anakuja." Akakunja leso yake magotini. "Halafu asubuhi akanipigia tena, akasema mwenye ploti amempigia, maji yamepanda, anawasha tu mashine halafu anakuja kupanda gari."

Makamu wangu aliinuka akaenda nje. Nilimkuta nyuma ya zizi, amefunika uso kwa mikono yote miwili. Nilimwambia kwamba zile nyaya zingewaua watu. Akasema anajua. Tukasimama pale mpaka wakatuita kula.

Mwenye jengo bado ana kesi, na kesi bado inaahirishwa. Mzee wangu haji tena mikutanoni. Nilimwona sokoni mara moja, akavuka barabara kunikwepa. Pikapu haikurudi tena, ila watoto wangu bado hawajui kwa nini hawaruhusiwi kutoka getini peke yao. Katika chama, mikono ilinyooshwa yote nilipoomba tukague majengo mengine. Wengine walinyoosha haraka kuliko nilivyotaka kuona.

Wiki iliyopita mimi na makamu wangu tulikwenda kwenye jengo jingine, upande wa pili wa mji. Mlinzi alitufungia geti, akasema ameagizwa asiingize wainjinia, hasa wale wanawake wawili. Kwenye madirisha ya juu kulikuwa kumeanikwa sare za shule, ndogo ndogo, zikidondosha maji. Tulikaa garini. Mlinzi akatutazama, akapiga simu, akatutazama tena.

Makamu wangu akafungua mlango, akashuka, akaenda kubisha geti mara ya pili.