Jina Likija Devota, Usitume

Lile onyo nililiona Jumanne asubuhi, nipo jikoni nachuja asali, mikono imenata mpaka kwenye viwiko.

Lilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la kwaya yetu. Limetoka kundi lingine, huko nako limetoka kundi lingine, limeshasambazwa vya kutosha.

"TAHADHARI WAPENDWA. Kuna mwanamke yuko Babati anajifanya Mama Calvin muuza asali. Ametoa lipa namba mpya. Ukiiweka, jina linakuja DEVOTA SOSTHENES. Huyo ni tapeli. Jina likija Devota, usitume hela. Sambaza uokoe wengine."

Chini yake mama mmoja wa sauti ya kwanza akaandika: "Mama Calvin, umeona hii? Kuna mtu anakuharibia. Pole mpendwa, Mungu atakupigania."

Nikakaa juu ya ndoo.

Wadau, Mama Calvin muuza asali ni mimi. Na Devota Sosthenes ni mimi pia.

Nilibatizwa Devota. Shule nimesoma Devota. Ila tangu nijifungue, huu mwaka wa kumi na moja, hapa mjini hakuna anayeniita hivyo. Kwaya hawalijui jina hilo. Mwenye nyumba halijui. Ukija Nakwa ninakokaa ukamuulizia Devota, bodaboda atakuzungusha mpaka mafuta yaishe.

Kwa hiyo nilikuwa napewa pole kwa kutapeliwa na mimi mwenyewe.

Ngoja niwaeleze nilivyofika hapo, maana sikusukumwa na mtu. Nilikwenda kwa miguu yangu.

Nauza asali mwaka wa saba sasa. Naichukua kwa wafugaji nyuki wa Sigino, nachuja mwenyewe, naiweka kwenye chupa, nabandika karatasi: Asali ya Mama Calvin. Nilianza na ndoo moja. Sijawahi kuchanganya hata kijiko cha sukari, na watu walijua hivyo. Wakaambizana wenyewe kwa wenyewe mpaka nikawa napakia mzigo kwenye mabasi ya Arusha, Dodoma na Dar.

Mteja wangu wa kwanza wa mbali alikuwa Mama Brightness wa Arusha. Chupa kumi kila mwezi, anawauzia wenzake ofisini. Hatukuwahi kuonana uso kwa uso, lakini tulikuwa ndugu wa simu kabisa. Calvin alipolazwa, yule mama alinitumia hela ya matunda bila kuombwa.

Ndiye aliyenishauri.

"Mama Calvin, fungua websaiti. Watu wa maofisini wanataka waone, wachague, walipe, wasubiri mzigo. Siyo kila siku 'naomba picha, naomba bei'."

Nikaenda kwa Filbert. Ana stationari karibu na stendi, anajua kompyuta, na mdomo wake hauna breki.

"Mama, websaiti ziko za aina tatu," akaniambia. "Kuna ya bure. Hiyo ni kulala sebuleni kwa watu. Anwani yako inabeba jina la kampuni yao, na matangazo yao yanapita juu ya asali yako. Mteja kaja kununua asali, anaonyeshwa viatu."

"Ya pili?"

"Ya kupanga. Unalipa kila mwezi, kwa dola, kwa kadi. Inapendeza, unapanga picha mwenyewe kwa kidole. Ila dola ikipanda unapanda nayo, na mwezi ukikosa, unafungiwa nje na vyombo vyako vimo ndani."

"Ya tatu?"

"Kujenga kwako. Tunanunua anwani, tunalipia nafasi ya kuiweka mtandaoni mwaka mzima, nakujengea. Bei rahisi, ila ikiharibika unamtafuta fundi. Fundi ni mimi, na mimi bila supu sifanyi kazi."

Tukacheka. Nikachagua ya tatu.

Kwenye malipo ndipo kichwa kilipouma. Kampuni moja kubwa ya nje, ambayo kila mtu ameisikia, Filbert aliifuta mapema. Kwa huku kwetu ilikuwa inakuruhusu kutoa hela, siyo kupokea. Lipa namba ya kawaida ya simu ilikuwa nyepesi, ila haiongei na websaiti. Mteja analipa, anakupigia, unaanza kutafuta ujumbe wake kati ya jumbe mia. Zikabaki kampuni za hapa nchini za kupokea malipo. Zinachukua mitandao yote na kadi, zinakata kidogo kila mteja anapolipa, na hela inakaa kwao siku mbili tatu kabla ya kuingia benki.

Filbert aliniandikia yote kwenye karatasi, makato huku, siku za kusubiri kule. Nikaisoma wiki nzima kama nasomea mtihani wa taifa. Mtu angeniamsha usingizini, ningemtajia asilimia za kila kampuni kabla sijajua nipo wapi.

Nikachagua moja. Na nilichagua vizuri, mpaka leo nasema hivyo.

Shida ilikuwa vyeti. Walitaka TIN ya mlipa kodi, leseni, cheti cha jina la biashara na akaunti ya benki. Mimi sikuwa na hata kimoja.

"Siyo kazi kubwa, mama," Filbert akasema. "Sajili jina lako, kata TIN, kata leseni. Tusubiri wiki chache. Usikimbilie."

Nikaogopa. Wafanyabiashara wadogo mnaijua ile hofu. Nilijiona nimeingia ofisi ya kodi na chupa zangu thelathini, natoka nimeandikiwa kodi ya kiwanda.

Ndipo mdogo wangu Konstantini, tunayemwita Kosta, akaingilia. Ana duka la vifaa vya umeme pale sokoni, Kosta Traders.

"Dada, mateso ya nini? Vyeti vyote mimi ninavyo. Tumia vya kwangu. Hela ikiingia nakurushia siku hiyohiyo. Si tumenyonya ziwa moja?"

Nikaona Mungu amenifungulia mlango. Hata laini ya simu niliyokuwa naitumia ilisajiliwa kwa kitambulisho chake, enzi zile cha kwangu hakijatoka. Tulizoea hivyo.

Filbert akaniuliza, Kosta akiwa amesimama palepale, "Na websaiti yenyewe, mama, niandike ni ya nani?"

"Andika ya Kosta tu, ndiye anayelipia na kadi yake. Ni mdogo wangu huyu, siyo mtu baki."

Akaandika.

Duka likafunguka, likaenda. Lilikuwa na kero moja tu, nayo mnaijua. Mtanzania hatumi hela kabla hajauliza jina. Anaweka namba, simu inamwonyesha jina la mpokeaji, anaishia hapo, anakupigia.

"Mama Calvin, jina linakuja nani?"

"Kosta Traders."

"Ndiyo hilohilo?"

"Ndiyo hilohilo. Malizia."

Kutwa nzima. Niko jikoni, jina linakuja nani. Niko kwenye kipaimara cha watu, jina linakuja nani. Nikachoka. Nikamwambia Filbert abandike tangazo ukurasa wa mbele, herufi nyekundu, maneno yangu mwenyewe:

"Jina halali ni KOSTA TRADERS. Likija jina lingine lolote, usitume hela. Huyo ni tapeli."

Nikalituma pia kwa kila mteja niliyekuwa na namba yake. Mama Brightness akajibu, "Hapo umefanya la maana. Matapeli wamezidi."

Mwaka mmoja na nusu niliwafundisha watu jina hilo, na waliiva kweli.

Mwezi wa pili mwaka huu mteja wa Dodoma akanipigia. Asali yangu inanuka sukari ya kuungua. Nikambishia, kwa sababu Dodoma nilikuwa sijatuma mzigo mwezi mzima. Akanitumia picha. Chupa yangu, karatasi yangu.

Nikaenda sokoni kwa Kosta. Nyuma ya duka, katikati ya nyaya na taa, nikakuta katoni za chupa zangu zimepangwa mpaka dirishani.

"Oda zimekuwa nyingi, dada. Peke yako huwezi. Nikaona nikusaidie."

Nikafungua moja, nikaonja. "Kosta, hii ni nini?"

"Asali."

"Hii ni sukari ya kuchemsha."

"Asali imo. Wateja wenyewe hawajui tofauti."

"Mimi najua."

Akaifunga ile katoni taratibu. "Basi tuongee kama watu wazima. Websaiti ya nani? Akaunti ya malipo ya nani? Sasa mimi nimekuibia nini?"

Nilimtukana. Nilimtukana mpaka wauza nyanya wakaacha kuuza, na mimi ni mwanakwaya. Sikupata hata dakika moja ya nafuu.

Mama yetu yuko Mbulu. Nilimpigia, nikamwamkia, nikamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ni mdogo wako huyo. Yamalizeni nyumbani, msitoe aibu nje." Nikajua huko hakuna msaada.

Nikarudi kwa Filbert tusajili jina la biashara haraka. Akalitafuta kwenye mtandao, akanigeuzia kompyuta. Asali ya Mama Calvin lilikuwa limeshasajiliwa miezi minne nyuma. Mwenye jina: Konstantini Sosthenes.

Mtoto nilimzaa mimi, kwa upasuaji. Jina lake likawa mali ya mjomba wake.

Filbert hakusema "si nilikuambia". Afadhali angesema.

Nikaenda kukata TIN. Yule dada wa dirishani alikuwa mpole, akanielekeza vizuri, akaniuliza na bei ya asali. Nilitoka kabla ya saa sita mchana. Nilisimama nje ya ile ofisi nikajichukia, maana asubuhi moja tu ndiyo niliyoikimbia muda wote ule.

Wiki hiyo Kosta akaenda kuirudisha ile laini yenye kitambulisho chake, ikazimika kwangu, ikaingia kwenye simu yake. Mimi nikasajili mpya kwa kidole changu, nikachukua lipa namba kwa jina langu, nikawaandikia wateja mmoja mmoja: "Ni mimi Mama Calvin. Nimehama. Hii ndiyo namba yangu mpya, na hii ndiyo lipa namba mpya."

Siku tatu baadaye ndiyo likaja lile onyo.

Nilimfuata Kosta dukani nimeshika simu kama nimeshika jiwe. Akasoma, akasoma tena.

"Dada, naapa kwa kaburi la baba, hii sikuandika mimi. Kuna mtu aliuliza kwenye ile laini kama umehama, nikamjibu hapana. Basi." Akanirudishia simu. "Ila haya maneno si ni yako haya?"

Yalikuwa yangu. "Usitume hela", "huyo ni tapeli", neno kwa neno yalikuwa yale ya herufi nyekundu.

Nikaanza kufuatilia, mtu kwa mtu, nani alikuletea, na yeye nani alimletea. Wa sita akanipa namba ambayo naijua kwa kichwa. Mama Brightness.

Nikampigia.

"Haloo, Mama Brightness. Ni mimi, Mama Calvin."

"Wewe ndiye Devota?"

"Ndiyo, Devota ndilo jina langu, lakini..."

"Binti, huogopi Mungu? Yule mama anahangaika na mtoto wake, wewe unataka kula jasho lake?"

"Ni mimi jamani. Sauti yangu huitambui?"

"Siku hizi wanaigiza sauti. Wanaigiza mpaka za maaskofu."

"Calvin alipolazwa ulinitumia hela ya matunda."

Nikasikia anavuta pumzi. "Kumbe mmeingia mpaka kwenye simu yake. Haya, sikiliza. Kama wewe ni Mama Calvin kweli, nitumie ile namba ya siku zote, jina lije Kosta Traders. Nanunua chupa kumi sasa hivi."

Nikamwambia hiyo sina tena. Akakata. Nilipopiga tena alikuwa ameshanizuia.

Nililia, wadau. Kosta nilikuwa nimeshamlilia nikamaliza. Nilimlilia yule mama, kwa sababu ananipenda. Alikaa chini akaandika onyo lile kwa huruma yote aliyonayo, ili anilinde, halafu akaenda kulipia sukari ya kuchemsha ya mdogo wangu.

Funzo nimeshalilipia mimi, nyie chukueni bure. Linganisheni websaiti, linganisheni makato, ulizeni hela inakaa siku ngapi. Yote hayo ni muhimu. Ila kabla ya yote, angalia kwenye fomu pameandikwa jina la nani. Kama siyo lako, funga kompyuta ukauze kwa ndoo mpaka vyeti vyako vitoke. Ndugu mpende, mpikie, muuguze. Fomu jaza mwenyewe.

Sasa hivi naanza upya. Nina meza mnadani, na karatasi mpya kwenye chupa: Asali ya Devota. Siku ya kwanza niliuza chupa mbili.

Mnada uliopita alisimama mama mmoja mtu mzima. Nikamwonjesha kwa kijiko. Akaizungusha mdomoni, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Nzuri," akasema. "Unajitahidi, mwanangu. Ila kuna moja inaitwa ya Mama Calvin. Zamani ilikuwa asali hasa, siku hizi sijui. Uliwahi kuionja?"

"Niliwahi, mama."

"Basi ile ya zamani ndiyo uifikie. Mtafute yule mama akufundishe."

Nikamfungia chupa yake kwenye gazeti, nikamwambia nitamtafuta.