Roboti ya Isimbi kwenye Njia ya Sake

Isimbi, binti wa Papa Karekezi, mfugaji wa Karuba, alikuwa mwaka wa tatu wa masomo ya kompyuta huko Goma. Mitihani ya mifumo ya kompyuta na lugha za programu alikuwa ameimaliza. Kwa somo la michoro ya kompyuta alimtengeneza ng'ombe mzima kwa pembetatu tupu. Baba yake alipomwona kwenye skrini aliuliza mbona hana kiwele. Lililobaki ni somo la roboti, na hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Roboti yake ilikuwa kigari kidogo kilichopaswa kufuata mstari mweusi chenyewe, nacho kilipotea kwenye kila kona. Akaja nacho nyumbani akirekebishe.

Kesho yake risasi zikasikika upande wa Mushaki. Kabla ya adhuhuri Karuba yote ilikuwa njiani kuelekea Sake.

"Acha hiyo kitu, beba mablanketi!" mama yake, Mukabaranga, alimfokea.

"Mama, hii njo mutihani yangu."

"Mutihani iko kupona!"

Isimbi akabeba vyote: mablanketi kichwani, roboti ndani ya ndoo ya maziwa. Baba akapitia vilimani na ng'ombe wake.

Mbele, watu wenye silaha walikuwa wameweka barriere, mti umelazwa katikati ya barabara. Mmoja alifunua ndoo, akaona nyaya na batri, akaruka nyuma.

"Bombe!"

Watu wakatawanyika. Mkubwa wao akamwelekezea Isimbi bunduki. "Nani alikutuma?"

"Hakuna muntu, Papa. Mimi niko mwanafunzi. Iko kagari ya masomo, inafuata mustari."

"Tuonyeshe."

Kwenye tope kisingetembea. Mzee mmoja aliyekuwa akikimbia nao, Papa Barthélemy, akatandika turubai lake jeupe. Isimbi akaanza kuchora kwa makaa mstari ulionyooka.

"Weka kona," mkubwa akasema. "Njia zetu zote ziko na kona."

Akatazama jua lilivyomulika turubai, na hapo akaelewa: mwanga ulikuwa unakichanganya kigari, kisiujue mstari. Akayakunja macho madogo ya kioo ya kigari yakaribie chini, akachora kona, akawasha.

Kigari kikaenda. Kwenye kona kikasita, kikatikisika, kikageuka na mstari. Watoto wakapiga makofi. Mkubwa akacheka mpaka machozi.

"Pita na mama yako," akasema, akikitia kigari ndani ya koti. "Hii inabaki."

Isimbi akafungua kinywa. Mama akamfinya mkono. "Twende."

Goma, siku ya mtihani, aliingia mikono mitupu.

"Kazi yako iko wapi?" mwalimu wake, Mama Joséphine-Marie, akauliza.

"Ilibaki kwenye barriere."

Wanafunzi wakacheka, lakini mwalimu akampa chaki. Isimbi akachora kigari ubaoni, akaeleza habari ya jua na macho yale, akizunguka mbele ya darasa bila kuweza kusimama mahali pamoja. Alifaulu, ila kwa alama ndogo.

Hakufurahi. Baba hakuwa amefika. Kila asubuhi Isimbi alitoka kwenda kuwauliza waliotoka Sake, simu mkononi, anapiga, haiiti. Hata chakula alikula amesimama.

Papa Karekezi alifika wiki nyingine, miguu imevimba, na ng'ombe wachache tu. Isimbi alimkimbilia, akamshika mabega kwa nguvu.

"Ng'ombe wengine wako wapi, Papa?"

"Usiniulize, mwanangu. Nipe maji kwanza."