Rangi Iliyopotea Mkononi Mwangu

Nikifungua chupa ya bromini, ule mvuke wa kahawia unaochoma pua hunirudisha Ujiji, nikiwa kidato cha pili, nimenuna. Mwaka ule nilikuwa nimemchoka baba mdogo Nestori.

Alikuwa mume wa mama mdogo, mwalimu wa kemia aliyekimbia vita Burundi, vyeti vyake vyote vikabaki huko. Alipata kibali cha kukaa kwetu, na tangu hapo sikufua wala kumenya muhogo bila kusimamiwa. "Buhoro buhoro, mwanangu." Polepole, polepole, kutwa nzima. Hata wewe ungenuna.

Mkuu wa shule yetu alikubali kumwajiri, ila kwanza afundishe somo moja mbele yake. Baba mdogo akachagua jaribio la bromini na heksani, kimiminika kisicho na rangi. Bromini iliyokuwepo ilitosha mara moja tu. Aligawa mchanganyiko katika mirija miwili ya kioo: mmoja akauweka dirishani juani, ambako rangi ingetoweka, wa pili akaufungia kabatini, chumba cha nyuma, ambako rangi ingebaki. Mimi akaniweka nilinde kabati.

"Usifungue," aliniambia. Akarudia. Akarudia tena, kana kwamba alikuwa anamwachia mbuzi shamba.

Nilikaa mle na joto, nikimsikia akiandika ubaoni, mpaka uvumilivu ukaniishia. Nikautoa mrija, nikauinua kwenye jua la dirisha. Ile rangi ya chungwa ikafifia, ikafifia, ikaisha. Nikaurudisha kabatini, nikafunga.

Alipoutoa wa kabatini mbele ya mkuu na wanafunzi, mirija yote miwili ilikuwa kama maji.

"Sasa, Mwalimu, giza na mwanga vina tofauti gani?" mkuu aliuliza.

Baba mdogo alinitazama. "Mwanga umeingia," alisema. "Kosa ni langu."

Kazi akapewa mwingine.

Njiani kurudi nyumbani nilikiri, nikingoja kofi.

"Iliondoka haraka?" aliuliza.

Nilikasirika mpaka nikalia. Mtu amekosa kazi, anauliza rangi!

"Sijui," nilimjibu.

Jioni alichukua chaki akanichorea mlangoni: mwanga unapasua bromini vipande viwili, kila kipande kinabaki pweke, kinapokonya haidrojeni kwenye heksani, heksani nayo iliyopungukiwa inapokonya bromini nyingine, na kuacha kipande kingine pweke, hivyo hivyo, mpaka vipande viwili vilivyo pweke vikutane. Nilimsikiliza nimekunja uso.

Siku ya tatu nilikwenda kwa mkuu nikasema ukweli. Akaniambia nimechelewa. Baba mdogo akaendelea kulima muhogo kijijini Simbo.

Sasa nafundisha kemia mimi, na nimeelewa lile swali. Alikuwa ameupa mgongo mrija wa dirishani, akiandika, na darasa zima likitazama ubao. Miaka mingapi alikuwa hajaiona rangi ile ikiondoka, sijui. Siku ile mwenye macho nilikuwa mimi peke yangu. Aliniomba nimsimulie tu, nami nikamnyima.