Keekee Niliyoichagua kwa Kukaa

Mume wangu alipofariki, ndugu zake walisubiri matanga yaishe, kisha wakakaa uani kugawa vitu vyake kama desturi yetu ilivyo. Koti lilikwenda kwa kaka yake mkubwa, baiskeli kwa mdogo wake, na kikapu cha vifaa vya useremala kikaenda kwa shemeji yangu wa Mdandu, ambaye sijawahi kumwona ameshika hata nyundo. Vifaa vya mwanamume huenda kwa mwanamume. Mimi nilipoulizwa nataka nini, nikasema sitaki kitu. Nilisema kwa hasira, wao wakadhani ni upole.

Ndani ya kikapu kile ilikuwamo keekee yake, ile drili ya mkono unayoizungusha kwa mpini. Hakuwa seremala. Alikuwa mkulima wa viazi kama mimi, ila mvua ikimfungia nyumbani lazima atafute kitu cha kutoboa. Benchi letu la barazani alilitengeneza bila msumari hata mmoja. Alitoboa matundu, akagongelea vijiti vya mti wa mwati, basi. Hapa Njombe ukungu ukiinuka mtu hutafuta jua kabla hajatafuta chai, na jua letu tuliliota pale kwenye benchi.

Masika haya mguu mmoja ulichomoka na ubao wa kukalia ukapasuka. Fundi jirani akaja na misumari mkononi.

“Mama, hii ni kazi ya dakika mbili tu.”

“Ndiyo maana siitaki,” nikamwambia. Akaondoka ananung'unika.

Nilitaka benchi lisimame tena kama alivyolisimamisha yeye, na nilisimamishe mwenyewe. Vitu vyake vingine vyote vilikuwa vimeshatoka nyumbani kwangu. Hicho ndicho kilichobaki, nacho kilikuwa kimelala ubavu barazani kama kuni.

Drili za umeme Njombe zimejaa, lakini umeme wenyewe siuamini. Nikaambiwa vifaa vya zamani nitavipata Makambako, nyuma ya maegesho ya malori. Nikaenda. Upepo wa Makambako haubembelezi mtu. Muuzaji alikuwa mwanamume wa makamo, kofia ya sufu ameivuta hadi masikioni, ametandika turubai lenye spana, pasi za mkaa, taa za malori na keekee tatu.

“Shikamoo mama. Unamnunulia mzee?”

“Marahaba. Mzee hayupo. Najinunulia.”

Akacheka, kisha akaona mimi sicheki.

Moja ilikuwa imepakwa rangi nyekundu mpya, nikaishuku hapohapo, maana kizee kilichojipamba hivyo kinaficha kitu. Ya pili ilikuwa nyepesi. Ya tatu nyeusi, nzito, mpini wake umepata ufa na kufungwa waya. Nilizigeuzageuza zote kama mtu anayejua, na sikujua lolote. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kuizungusha keekee. Kazi yangu ilikuwa kukaa juu ya ubao ili usisogee. Aliniita hata nikiwa na unga mikononi, nami nikaenda nikilalamika kwamba ugali unaungua kwa ajili ya tundu. Kabla hajaanza aliuliza kila mara, “Umekaa?” Nikajibu, “Nimekaa.” Halafu mtetemo mdogo ukanipanda kutoka kwenye ubao. Keekee niliijua kwa makalio, na sioni aibu kusema.

Basi nikamwambia muuzaji, “Tafuta ubao, uweke chini. Mimi nakaa, wewe unazungusha.”

Watu wakasimama kutazama. “Mama anajaribu drili au anajaribu kiti?” mmoja akauliza, wakaangua kicheko. Nikawaacha wacheke. Ile nyekundu ilirukaruka, meno ya gia yake yameliwa. Ile nyepesi ilipiga kelele tu, biti, ile ncha ya kutobolea, inacheza mdomoni, ubao hauhisi kitu. Ilipofika zamu ya ile nyeusi nikafumba macho. Ulikuwa mtetemo uleule, wa taratibu, usio na papara. Nilitamani muuzaji asifike upande wa pili wa ubao.

“Imeshatoboa mama,” akasema. “Unaweza kuinuka.”

Nikailipia, nikarudi nayo Njombe mapajani, nimeifunga kwenye khanga, na njia nzima nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu msiba.

Kesho yake, ukungu ulipoinuka, nikaweka ubao mpya wa paini juu ya matofali, nikautia alama pa kutoboa. Nikainama, nikakandamiza kwa mkono mmoja, nikazungusha kwa mwingine. Ubao ukazunguka pamoja na biti. Nikaukanyaga kwa mguu, ukateleza. Nikaukalia, mikono haikufika kwenye alama. Nikahangaika mpaka jasho likanitoka kwenye baridi ile, ndipo nikaelewa nilichokifanya. Nilikuwa nimechagua keekee kama mtu wa kukaa, na sasa mimi ndiye wa kuzungusha, na nyumba nzima haina wa kukaa.

Nikakaa chini nikalia kwa sauti, kilio ambacho msibani kilinigomea. Jirani yupo, ningemwita angekuja. Sikutaka mtu mwingine akae pale.

Nilipomaliza nikaenda stoo, nikaburuta nusu gunia la viazi, nikalilaza juu ya ubao mahali nilipokuwa nakaa. Lilitulia vizuri. Nikaweka biti kwenye alama, nikashika mpini. Mkono ulikuwa tayari, lakini mdomo ukautangulia.

“Umekaa?”

Nikasubiri. Kuku walikuwa wanachakura nyuma ya jiko.

“Nimekaa,” nikajijibu, nikaanza kuzungusha.