Jezi ya Mfungaji

Jumapili ile mwenzangu wa kwaya aliporudishwa kundini nilipiga makofi kama kila mtu, lakini kwa ncha za vidole tu. Usharika wetu hapa Karatu una utaratibu wake. Binti akipata mimba kabla ya ndoa anatengwa: haimbi kwaya, hashiriki meza ya Bwana, anakaa nyuma kabisa na mimba yake, mpaka siku atakapopiga magoti madhabahuni na kusema kwa kinywa chake, "Nimekosa, naomba mnisamehe." Na kwa kuwa timu yetu ya netiboli ni ya wanakwaya, aliyetengwa hachezi.

Yeye ndiye aliyekuwa mfungaji wetu. Tulipata kipaimara pamoja, tukaimba sauti ya kwanza pamoja, na tangu shule ya msingi alikuwa anarusha mpira bila hata kutazama vizuri, unaingia. Mimi nilikuwa wa akiba. Alipotengwa, jezi nikapewa mimi. Loo, niliipenda jezi ile! Msimu mzima nilikuwa natoka kufua mashuka ya wageni lojini, mikono imechunika kwa sabuni, naenda moja kwa moja uwanjani kurusha mpira mpaka giza linaingia. Nilikuwa nakosa, ndiyo, nakosa sana. Lakini fainali tulifika. Yeye alikuwa wapi? Nyumbani, analea.

Mchungaji akasema mbele ya usharika, "Kuteleza si kuanguka." Nikamnong'oneza mama yangu, "Kuteleza gani huko kwa miezi tisa?" Mama akanifinya paja.

Wiki hiyohiyo mwinjilisti, ambaye ndiye kocha wetu, akaja mazoezini, akaniomba jezi, akampa yeye. Hivihivi tu.

"Mwinjilisti, huyu hajafanya zoezi hata moja!"

"Amesamehewa, binti."

"Amesamehewa dhambi. Mazoezi je?"

Wenzangu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliishika ile jezi, akanitazama kama mtu anayetaka kuirudisha ila hajui aanzeje. Afadhali angecheka! Huruma yake ndiyo iliyonikera zaidi.

Nyumbani nililalamika mpaka ugali ukapoa. Mama akasema, "Hasidi hana sababu."

"Mimi ninayo, mama! Ninayo!"

Na mpaka leo nasema ninayo. Kama hiyo ndiyo neema, basi ina upendeleo. Mimi sikuzaa nje, sikukosa ibada, sikukosa zoezi, na malipo yangu yakawa kukaa pembeni.

Fainali tulicheza na mabinti wa usharika mmoja wa Ngorongoro, ndani ya hifadhi, watoto wa wafugaji, warefu, mpira wanauchukua juu kwa juu. Mistari ilichorwa kwa majivu na upepo ukawa unaipeperusha, basi kila mara ugomvi. Zawadi ilikuwa beberu, amefungwa kwenye nguzo. Na mimi nimekaa pembeni, nimempakata mtoto wake. Bibi yake mtoto alikuwepo, shangazi zake walikuwepo, lakini nani alikabidhiwa? Mimi. "Dada, nishikie," alisema, akakimbia zake uwanjani. Anafunga, watu wanapiga vigelegele, mtoto anarukaruka mapajani mwangu. Nilimwona hata yule mtoto ananisuta.

Dakika za mwisho, tuko sare, mtoto akaanza kulia. Kulia kweli. Mama yake aliposikia ile sauti maziwa yakamtoka, jezi ikalowa kifuani, kila mtu akaona. Akaja mbio, akaivua jezi juu ya fulana yake, akanivalisha kwa mikono yake mwenyewe, ingali na joto lake, akamchukua mwanawe akaenda kumnyonyesha.

Nikaingia. Mungu wangu, nilivyolitaka goli lile moja! Mpira ukanifikia nikiwa mbali. Mwenzangu alikuwa chini kabisa ya pete, peke yake, ameinua mikono, ananiita. Nilimsikia. Nikarusha mwenyewe. Mpira ukagonga chuma ukarudi, mabinti wa Ngorongoro wakaudaka, wakaupeleka upande wa pili, wakafunga. Filimbi. Beberu akafunguliwa, akapandishwa kwenye lori lao.

Hakuna aliyenitukana. Kina mama wa kwaya walisonya tu, wakaanza kukusanya vitu vyao. Wachezaji wenzangu walipita kando yangu kama hawanioni, nami nikabaki nimesimama palepale niliporushia.

Yeye ndiye aliyekuja, mtoto begani. Neno la kumwambia lilikuwa moja tu, nisamehe, na alipofika mbele yangu halikutoka. Yeye aliwahi kulisema kwa magoti mbele ya usharika mzima, huku wengine wakinyoosha shingo wamwone vizuri. Mimi lilinishinda mbele ya mtu mmoja. Hapo wivu ukanikamata kuliko siku zote, na wala haukuwa wa jezi tena. Nilimwonea wivu kwa kuwa anajua kuomba msamaha, na anajua kuupokea akipewa, kisha anaendelea na maisha yake. Mimi hayo sikuwahi kufundishwa na mtu. Ningeyajulia wapi, mimi niliyekuwa safi siku zote?

Nikasema, "Mtoto wako amenikojolea."

"Hata mimi hunikojolea," akasema. Akatandika kanga yake chini, akakaa upande mmoja, akaniachia upande wa pili.