Damu Isiyovuta Sisimizi

Ukitaka kumuudhi Mama Damu, mwite mpishi. Pale studio hakuwahi kumpikia mtu chakula hata siku moja, na wali wake wa nyumbani, kwa kauli ya binti yake wa kumzaa, ulikuwa wa kujaribia meno. Yeye alipika damu. Kwa misimu sita ya ile tamthilia ya wanyonya damu, kila tone lililoteremka shingoni mwa mtu, kila doa kwenye shuka jeupe na kila kikombe alichoinua vampaya yeyote kilitoka kwenye sufuria yake ya lita ishirini, iliyokaa juu ya jiko la gesi katika chumba kidogo nyuma ya stoo ya mavazi.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Miaka kumi na tisa alikuwa mchemshaji katika kiwanda cha peremende, na sukari haikuwa na siri kwake. Alijua inapoanza kuvutika na inapokaribia kuungua kwa kusikiliza tu sauti ya mapovu. Kiwanda kilipofungwa alikaa nyumbani miezi minne akihamisha makochi. Ndipo jirani yake, mshonaji wa mavazi ya tamthilia mpya, akamlalamikia kwamba damu wanayotumia ni maji ya rangi, inamwagika kama soda. Kesho yake Mama Damu alifika studio na chupa ya jemu iliyojaa damu aliyoipika mwenyewe. Alimkamata mwongozaji mkono bila kuomba ruhusa, akauinua, akamwagia kijiko kimoja juu ya kifundo.

"Usiongee, mwanangu," alimwambia. "Angalia inavyokwenda."

Ilikwenda polepole, ikasita kidogo kwenye mshipa, ikateremka. Kabla haijafika kwenye kiwiko, mama alikuwa ameshapata kazi.

Ilikuwa sukari, maji, rangi nyekundu ya chakula, kakao ya kuipa giza, na tone moja la bluu ambalo hakumwambia mtu ni la nini. Waigizaji waliipenda kwa sababu ilikuwa tamu. Wengine walilamba vidole hata baada ya kamera kuzimwa. Yeye hakujitangaza, chema chajiuza, lakini hakujinyima pia: "Damu yangu haijawahi kukataliwa," alikuwa akisema, na kweli haikuwahi.

Maadui wake walikuwa sisimizi. Walimgundua msimu wa kwanza, wiki ya kwanza, na hawakumwacha tena. Chumbani kwake miguu ya meza ilisimama ndani ya makopo ya maji, na kila asubuhi alipangusa sakafu kwa siki. Lakini kule kwenye jumba la vampaya, lile jumba la mbao lenye madirisha yaliyofunikwa vitambaa vyeusi ili saa nne asubuhi ionekane usiku wa manane, hakuwa na la kufanya. Vikombe vilikaa mezani saa nzima vikisubiri taa zipangwe, na sisimizi walijipanga foleni vizuri kuliko waigizaji. Mwongozaji alisema kwa mbali hawaonekani. Mwigizaji aliyemkuta mmoja kinywani alimeza na kuendelea na maneno yake.

Basi msimu wa sita ulipoanza, wakatangaziwa kwamba ndio wa mwisho. Watu walilia kidogo, wakapiga picha, wakagombania kumbukumbu za kwenda nazo nyumbani. Aliyefurahi ni mmoja tu, yule mzee aliyeigiza mkuu wa wanyonya damu wote, ambaye hata walinzi wa getini walimwita Mfalme. Alikuwa na miaka sabini na mbili. Hamsini kati ya hiyo alikuwa ameigiza watumishi, madereva na maiti, hadi tamthilia hii ilipomvika joho. Sasa walikuwa wamemwandikia mwisho wake: baada ya kuishi miaka mia sita, Mfalme anakunywa kikombe chake cha mwisho, anakipindua kuonyesha kimekwisha, kisha anafungua mlango na kutoka kwenye jua kwa miguu yake. Kamera moja, kwa mbali, bila kukata. "Mama," alimwambia Mama Damu, "mimi nimekufa mara thelathini na moja kwenye kazi hii. Hiki ndicho kifo cha kwanza walichoniandikia mimi."

Wiki ya tatu Mama Damu akaanza kuona mambo. Mfalme alikuwa akimaliza chupa ya maji kabla ya saa tatu, na ya pili kabla ya saa nne. Kila wakipumzika alikuwa wa kwanza mlangoni pa choo. Baada ya kunywa damu mbele ya kamera aligeukia ukutani, akajifanya anakohoa, na leso yake ikarudi mfukoni imelowa nyekundu. Mwingine asingejua anaona nini. Mama Damu alijua vizuri sana. Marehemu mume wake alikunywa maji namna ile miaka miwili, akisema ni joto, na alipokubali kupelekwa hospitali mguu mmoja haukuwa wa kuokoa tena. Alichukia siku ile yote. Alimchukia Mfalme, akamchukia marehemu upya, kisha akafunga jiko, akamfuata mzee kwenye chumba chake cha kuvalia na kusimama mlangoni.

"Una sukari," akasema.

"Nina kiu tu, Mama."

"Mzee wangu, usinichezee. Mimi nimeishi na sukari kiwandani na kitandani. Mficha maradhi, kifo kitamuumbua."

Mzee akaketi. Alivua meno ya vampaya, akayaweka kwenye bakuli lake, na bila yale meno alionekana mtu wa kawaida kabisa. Akakiri. Alikuwa ameambiwa miezi saba iliyopita, na dawa alikuwa anameza. Kwenye maonyesho mengine alikuwa anatema, lakini lile la mwisho halitemeki: kamera ingeona koo likimeza, ingeona kikombe kikipinduliwa, na mwongozaji yule alikuwa harudii jambo chini ya mara nne. "Daktari kaniambia kikombe kimoja kama kile kitanilaza. Vinne asiulizwe."

"Si uwaambie wakubwa?"

"Niwaambie? Umemsahau yule aliyeugua mgongo msimu wa nne? Jumatatu kaomba kiti, Ijumaa wakamwandika kachomwa na jua." Mzee akapangusa uso. "Watamvalisha mwingine joho langu, wamfunike kofia. Niache nifike kwenye ule mlango, dada yangu. Nakuomba."

Mama Damu hakuwa mtu wa kuombwa mara mbili, ila hakuwa mtu wa kukubali kirahisi pia. Alimpa masharti: atakwenda kwa daktari kila wiki, na kikombe chake hakitajazwa na mkono mwingine isipokuwa wake. Halafu akarudi chumbani kwake kufanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe, yaani kupika bila sukari.

Aliaibika. Wanga wa mahindi ulimpa uji wenye mabonge, na hata hivyo daktari aliukataa. Yai lilitoa povu. Gundi ya unga wanayotumia waoka keki ilitetemeka kikombeni ikagoma kumwagika. Jumapili moja binti yake alikuwa anakata bamia jikoni, akaziacha kwenye bakuli la maji akaenda kupokea simu. Mama Damu akapita, akachovya kidole, akakiinua. Utelezi ukavutika kutoka kidoleni hadi kwenye bakuli, ukasita, ukateremka. Aliondoka na bakuli lote, na siku ile nyumbani kwao hakukuwa na mboga.

Akachuja maji ya bamia kwa kitambaa safi ndani ya sufuria ndogo, akatia kakao chungu, rangi, na lile tone la bluu. Ilikwenda vilevile. Iling'aa vilevile. Ladha yake hatuitaji.

Mfalme alipoletewa aliinusa akarudi nyuma. "Hii ni bamia. Nimeikimbia bamia tangu nina miaka sita."

"Basi leo imekukamata."

"Nitajuaje haina sukari? Rangi ni ileile."

Mama Damu hakubishana. Aliweka visahani viwili sakafuni karibu na ukuta, kimoja cha damu ya zamani, kimoja cha mpya, akaketi juu ya ndoo. Haikupita robo saa sisimizi wakatokea kwenye ufa wao. Wa mbele alifika kwenye damu mpya, akapapasa ukingo, akageuka. Wenzake wakamfuata hadi kwenye kisahani cha zamani, wakakizingira. Mzee alikuwa amepiga magoti na joho lake lote.

"Daktari wako anaweza kukosea," Mama Damu akamwambia. "Hawa hawajanikosea miaka sita."

Tangu siku ile kikombe cha Mfalme, kile kikubwa cha shaba, ndicho pekee kwenye jumba zima kilichokaa bila mdudu. Hakuna aliyegundua. Watu wana macho ya kuangalia nyota, si sisimizi.

Siku ya onyesho la mwisho walikuwa zaidi ya arobaini mle ndani, wakubwa wa kituo cha televisheni wamekuja na viti vyao. Mama Damu alijaza kikombe mwenyewe, akakiweka kwenye meza ndogo kando ya kiti cha enzi, akasimama nyuma ya pazia hatua mbili kutoka pale. Kisha mshonaji akamwita: shati la vampaya mmoja lilikuwa limekauka damu, linahitaji mpya. Alikaa huko kama dakika kumi na tano. Aliporudi taa zilikuwa tayari, kimya kimetangazwa, na Mfalme ameshaanza maneno yake. Alikuwa anayasema vizuri kuliko wakati wowote.

Mfalme akanyoosha mkono kuchukua kikombe. Na kwenye shaba ile iliyong'aa, Mama Damu akaona kitu cheusi kinapanda. Kikafuatwa na kingine. Wakawa sita, kwenye mstari, wanaelekea ukingoni.

Baadaye ilijulikana kwamba mtunza vifaa, mtu mwema asiye na kosa ila haraka, aliona kikombe hakijajaa sawasawa akakiongezea upawa mmoja kutoka kwenye sufuria kubwa. Wakati ule Mama Damu hakuwa na haja ya kujua ni nani. Kikombe kilikuwa kinapanda. Misimu sita hakuwahi kukanyaga mbele ya kamera, hata kivuli chake. Alitoka nyuma ya pazia na aproni yake, akamshika Mfalme mkono.

"Kata!" Mwongozaji alirusha makaratasi. "Mama! Umeingia kwenye picha! Kuna nini?"

Angesema kuna sisimizi, mtu angewapuliza na kazi ingeendelea. Angesema kweli, joho lingevuliwa palepale mbele ya wakubwa wale. Mama Damu akawatazama watu arobaini, akaona wote wanamngoja yeye.

"Damu hii imeharibika," akasema. "Kosa ni langu. Sikuipika vizuri."

Kisha fundi wa sauti, bila kushusha sauti yake mwenyewe, akasema, "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji." Wakacheka. Wakubwa nao wakacheka. Mama Damu aliumia, tena aliumia sana, kwa sababu neno lile alikuwa amelikwepa maisha yake yote. Akachukua kikombe, akaenda kukimwaga, akakiosha kwa siki, akakijaza kutoka kwenye chupa aliyokuwa ameifungia kabatini. Safari hii hakukiacha mezani. Alikishika kwa mikono miwili mpaka kimya kilipotangazwa.

Mfalme alikuwa ameona wale sisimizi kidoleni mwake. Alikunywa. Alikunywa mara nne, maana mwongozaji alirudia mara nne, na kila mara koo lilipanda na kushuka, kikombe kikapinduliwa, mlango ukafunguliwa, na mzee akatoka kwenye mwanga. Mara ya nne hata wakubwa walisimama.

Makofi yalipopungua mwongozaji akaanza kushukuru mmoja mmoja. Alipofika kwa Mama Damu akatania, "Na mama yetu, ambaye misimu sita katulisha damu safi, isipokuwa siku ya mwisho."

"Ngoja," Mfalme akasema.

Alikuwa amerudi kutoka nje, meno mkononi. Akaomba kisahani. Akamimina mabaki ya chupa ya Mama Damu, akaomba cha pili, akakijaza kutoka kwenye sufuria kubwa, na kuviweka sakafuni chini ya taa kali kuliko zote. Akawaambia watu waje karibu. Walidhani ni mzaha wa mwisho, wakaja, wakachuchumaa: wakubwa wa kituo, mtunza vifaa, fundi wa sauti na vifaa vyake masikioni. Sisimizi wakaja. Wakafika kwenye kisahani cha Mfalme, wakapapasa ukingo, wakaenda kwa jirani.

"Mimi nina kisukari," Mfalme akasema. "Kwa ile damu tamu mngeniua msimu huu bila kujua. Mama huyu alijua, akanipikia yangu peke yake, na leo kikombe kilikuwa kimetiwa nyingine. Kajitukana mbele yenu ili nifike kwenye mlango ule." Akageuka. "Damu yake haijaharibika hata siku moja. Atakayesema imeharibika aje anywe bamia vikombe vinne kama mimi."

Fundi wa sauti alivua vifaa vyake masikioni, akasimama, akamwendea Mama Damu. Akauliza kwa adabu kama anaweza kumsaidia kuosha ile sufuria.

"Kubwa ioshe wewe," Mama Damu akamwambia. "Ya Mfalme naosha mwenyewe."