Jirani wa Kwanza wa Lizarreta

Fermina alihamia kwetu Altza, mtaa wa mlimani, akiwa amevaa viatu vyeupe. Nilimwona kutoka dirishani mwangu, nikacheka hadi mume wangu akaja kuuliza kuna nini. Jengo letu lilikuwa limekwisha kujengwa, lakini barabara haikuwepo. Wajenzi walituahidi lami, tukapewa matope. Sisi tuliozoea tulishuka hadi kituo cha basi na mabuti ya mpira, viatu vya mjini tumevitia kwenye mifuko. Yeye ndiyo kwanza atoke Extremadura, mbali kusini, kwenye jua na vumbi, pamoja na mumewe Eladio, aliyepata kazi ya kupakua samaki wa chumvi bandarini Pasaia. Wakachukua nyumba ya chini, mlango wa kwanza kulia.

Mimi Joakiña ni mzaliwa wa hapa. Nimezaliwa mlima huu huu, wakati ulipokuwa mashamba ya tufaha na nyumba za wakulima, kabla maghorofa hayajaota kila mahali. Basi ninayoyasema kuhusu desturi zetu sikusimuliwa. Pale lilipo jengo letu palikuwa na nyumba iitwayo Oiarbide. Wenyewe waliuza wakaenda kukaa mjini, karibu na bahari, kwenye jengo lenye lifti. Ng'ambo ya njia ilibaki Lizarreta, na ndani yake Xixili, bibi ambaye hakuolewa, mwenye ng'ombe wawili na ulimi wa kukata majani.

Kwetu kila nyumba ina jirani wake wa kwanza. Humchagui. Ni nyumba iliyo karibu nawe kwenye njia ya kanisani, umpende usimpende. Mtu akifa, wenye msiba hukaa wakalia, na jirani wa kwanza hufanya yote: humwita padre, huosha maiti, hupikia waombolezaji, na siku ya mazishi hutangulia mbele ya jeneza ameshika msalaba. Zamu hiyo ni ya nyumba, si ya mtu. Oiarbide na Lizarreta walizikana hivyo tangu enzi za mababu.

Sasa Oiarbide haikuwepo, na jambo hilo lilimnyima Xixili usingizi. Alifikiri, akaamua. Wiki ile ile alivuka njia na chupa ya maziwa na mkate wa mahindi, akabisha mlango wa kwanza kulia. Kihispania, lugha ya Fermina, alikijua kwa kuokoteza tu.

"Wewe Oiarbide," akamwambia.

"Hapana, bibi. Mimi naitwa Fermina."

"Oiarbide," akarudia, akipiga sakafu kwa kisigino. "Mimi kufa, wewe msalaba. Wewe kufa, mimi msalaba. Sawa? Kunywa maziwa."

Fermina alipanda ngazi mbio hadi kwangu. "Shoga, yule bibi wa ng'ombe ananitabiria kifo! Na maziwa kaniletea!"

Nilimweleza, huku nimeshika mbavu kwa kucheka. Kisha nikaenda Lizarreta kumchokoza mwenyewe.

"Xixili, jengo zima limejaa watu. Kwa nini umwandame huyo maskini?"

"Mlango wake unatazamana na wangu."

"Lakini ni mgeni. Hata sala zetu hazijui."

"Nawe unazijua, na kanisani sikuoni," akasema. "Nipishe, nikamue."

Miezi kadhaa baadaye kamba ya winchi ilikatika bandarini, ikamuua Eladio. Ndugu wa Fermina walikuwa mbali, safari ya treni ya kuchosha mwili, na sisi majirani tulijaa kwenye ngazi tukishika vichwa, hakuna anayejua aanzie wapi. Xixili alivuka njia mikono ya gauni ameikunja. Alimwosha Eladio, akamvisha suti yake ya harusi, akatupanga sisi wengine kama watoto wa shule: wewe maharage, wewe kuni, wewe acha kupiga kelele. Siku ya mazishi yule bibi kizee alitangulia na msalaba mbele ya jeneza la mtu asiyemjua vizuri, matope yakimfika kwenye vifundo vya miguu. Wanaume wa bandarini waliulizana kama ni mama mkwe.

Mwaka mzima, kila Jumapili, alimwashia Eladio mshumaa kanisani, mahali pa nyumba yake mwenyewe, wanapowashiwa wafu wa Lizarreta.

"Mama yangu mzazi asingefanya zaidi," Fermina aliniambia. "Mwenzangu, lile deni la msalaba nimelikubali."

Tangu hapo hakuwa tena mgeni. Alijifunza kukamua na kukata majani. Asubuhi asipoona moshi wa Lizarreta huvuka kwenda kuuliza kulikoni, na Xixili humfokea kwa kumwamsha, kisha humkaangia mayai. Walizeeka hivyo, mmoja akiongea Kihispania, mwingine akijibu kwa lugha yetu, na kugombana waligombana vizuri tu.

Kisha ikaja barabara kubwa. Mstari wake kwenye ramani ulipita katikati ya jiko la Xixili. Mpwa wake Balendin, mrithi wa nyumba, alitia saini ya kuiuza, akaja na gari kumchukua akakae kwake mjini. Bibi alishika mwimo wa mlango, ikabidi vidole vibanduliwe kimoja kimoja.

"Oiarbide!" alimwita Fermina kutoka garini. "Msalaba!"

"Nitakuja, bibi! Hata wakikupeleka Ufaransa nitakuja!"

Na alikwenda kweli, kila Alhamisi, kwa basi, akiwa na mayai. Mke wa Balendin humpa kahawa huku akitazama saa.

Xixili alifariki Februari. Hakuna aliyetuita. Tulisoma kwenye matangazo ya vifo gazetini, na mazishi yalikuwa mchana ule ule. Fermina alivaa nguo nyeusi, tukaenda pamoja.

Kampuni ya mazishi ilikuwa imekwisha fanya yote. Bibi alikuwa ameoshwa na watu wasiojua hata jina la nyumba yake. Palikuwa na ukumbi wa marumaru, muziki ukitoka ukutani, na kijana wa tai mlangoni.

"Poleni sana. Ninyi ni ndugu wa marehemu?"

"Nimekuja kushika msalaba," akasema Fermina.

"Hatuna msalaba wa kushikwa, mama. Jeneza linakwenda na gari. Ndugu wanakaa mbele, majirani nyuma."

"Kijana, mimi ndiye jirani wa kwanza."

"Sawa, mama. Nyuma nafasi zipo, chagua unayotaka."

Nilimtafuta Balendin kwa macho. Alikuwa amesikia, na yeye ni mtoto wa Lizarreta, alijua vizuri amesikia nini. Akainamia viatu vyake. Nilitamani kumzaba kofi mbele ya maua yake yote. Fermina alinishika mkono, tukaenda kukaa nyuma, karibu na mlango wa choo. Gari lilipoondoka alilifuata hadi getini, akasimama. Mikono aliikunja kifuani, ikashuka, akaikunja tena. Hakujua aiweke wapi.

Ndani ya basi, tulipoanza kupanda mlima, Fermina alitazama nje.

"Lizarreta sasa ni barabara," akasema. "Siku yangu ikifika, Joakiña, nani atavuka?"

"Mimi nipo, shoga. Nitashuka ngazi tu, nikufanyie yote."

Alinipigapiga goti, kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Asante, mwenzangu. Najua utakuja. Lakini zamu si yako."

Mzaliwa wa Altza ni mimi, nami nilijua kwamba amesema kweli.